Choo cha uani, faini ya laki saba na arobaini, na sahihi ya mdogo wangu

Shikamoo Bi. Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora, mama wa watoto watatu. Nakuandikia usiku wakiwa wamelala, maana mchana sipati utulivu wa kulieleza jambo hili bila machozi. Naomba usinitaje jina, wala usiitaje ofisi iliyotutoza. Ugomvi nilio nao unanitosha.

Marehemu baba alituachia nyumba Kigoma, bondeni Kibirizi, si mbali na ziwa. Alifariki mwaka 2017. Nyumba kubwa ya mbele anakaa mama na mdogo wangu wa kiume. Uani kuna banda la vyumba sita tunavyopangisha kwa shilingi 30,000 kila kimoja. Hiyo 180,000 ya mwezi ndiyo dawa za presha za mama, ndiyo umeme, ndiyo ada ya chuo ya mdogo wetu wa mwisho. Nikijaliwa naongezea kidogo kwenye mshahara wangu.

Choo cha wapangaji ni kimoja. Tangu maji ya ziwa yalipopanda miaka ile ya 2020 na 2021, shimo lile halijakaa sawa. Linajaa upesi, na mvua zikishika linafurika mpaka njiani. Mwezi wa tatu mwaka huu wapangaji walinipigia simu wakilalamika. Nikamtumia mdogo wangu 150,000 aite gari la kunyonya. Akanijibu, "Dada, tayari." Nikamshukuru Mungu, nikasahau.

Mwezi wa tano nikapokea picha kwa WhatsApp kutoka kwa mpangaji mmoja, mama muuza dagaa. Ilikuwa picha ya karatasi iliyokunjwa mara nne: notisi ya siku 14 za kurekebisha choo. Nilipotazama tarehe, zilikwisha kupita siku 23. Mama wa watu alikabidhiwa karatasi hiyo kwa sababu ndiye aliyekutwa nyumbani. Akampa mdogo wangu, mdogo wangu akairudisha akasema atashughulikia. Mama wa watu alipoona kimya ndipo akaomba namba yangu.

Kisha zikaja hesabu. Faini ya kutiririsha maji machafu, 200,000. Faini ya kujenga bila kibali, 300,000, kwa ajili ya banda la uani ambalo baba alilijenga mwaka 1998. Halafu "gharama za ukaguzi na ufuatiliaji", 60,000 mara nne, yaani 240,000. Jumla 740,000, zaidi ya kodi ya miezi minne ya vyumba vyote. Na wapangaji wananiapia kwamba wakaguzi walikuja mara mbili, si mara nne.

Nikapiga simu nikasema nataka kukata rufaa. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu kabisa. Akaniambia, "Mama, mbona kosa lilishakiriwa? Fomu imesainiwa." Nikamuuliza imesainiwa na nani. Akanitajia jina la mdogo wangu.

Nilipombana, mdogo wangu alisema aliambiwa akisaini faini itapungua. Nikamuuliza na ile pesa ya gari? Akanyamaza kimya cha muda mrefu, kisha akasema alilipia deni la pikipiki. Sasa anasema kuna mtu anayemjua pale ofisini, tukimpa laki mbili mambo yataisha. Mama anasema, "Serikali haigombwi mwanangu, lipeni tu yaishe." Mume wangu anasema nyumba si yangu peke yangu, kwa nini nijitwishe.

Nikikata rufaa itanibidi niseme kwamba pesa nilituma na mdogo wangu akaila, na kwamba alisaini kitu kisichomhusu. Nitakuwa nimemshtaki ndugu yangu wa tumbo moja, na mama yuko hai. Nikinyamaza tunalipa pesa ambazo nyingine naamini si halali. Na naogopa pia kwamba nikianza kuuliza sheria gani na risiti gani, watakuja na rangi nyekundu walipige banda alama ya X, tukose hata hiyo 180,000. Lakini kodi ya majengo tunalipa kila mwezi kwenye LUKU, tukinunua umeme, hatujawahi kukwepa. Je, hiyo haioneshi kwamba serikali inaitambua nyumba yetu? Baba alikuwa mtu mnyoofu. Kumsikia akiitwa mvunja sheria akiwa kaburini kunaniumiza kuliko hizo pesa.

Nifanyeje?

Binti wa Kibirizi, Tabora

—

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole kwa safari ndefu ya mawazo kati ya Tabora na Kigoma, maana naona kila usiku unaisafiri bila tiketi.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeniletea furushi moja, lakini nikilifungua naona vitu ambavyo havikupaswa kufungwa pamoja. Kuna choo kinachofurika. Kuna banda la mwaka 1998. Kuna gharama za ukaguzi ambazo hesabu yake haikuingii akilini. Na kuna mdogo wako. Aliyeandika ile 740,000 amevijumlisha, na wewe nawe ukavipokea kama jumla: ama unalipa vyote ama unapinga vyote. Sidhani kama unalazimika kuchagua hivyo.

Choo kilifurika. Hilo hulikatai, na nimekuheshimu kwa kutolikataa. Maji yale yamepita mbele ya milango ya watu sita na watoto wao. Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka Kagunga, mkoa wetu wa Kigoma ulijifunza kwa machozi maji machafu yanafanya nini kwa binadamu. Kwa hiyo ile 200,000 ina msingi wake, hata kama unaweza kuuliza kama kiwango ni sahihi na kama notisi ilifikishwa inavyotakiwa. Banda ni jambo lingine kabisa. Na hizo 240,000 za ukaguzi ndizo zinazostahili maswali yako mengi.

Faini hulipwa kwa kosa. Ada hulipwa kwa huduma au kibali. Gharama hudaiwa pale mamlaka ilipofanya kazi iliyopaswa kufanywa nawe. Mara nyingi maneno haya matatu huchanganywa kwenye karatasi moja, mwananchi akadhani ni kitu kimoja. Kila moja inahitaji sheria ndogo inayoiruhusu, na sheria ndogo ya halmashauri haianzi kufanya kazi mpaka iidhinishwe na waziri na kuchapishwa kama Tangazo la Serikali, lenye namba na mwaka. Ukiomba kwa maandishi namba ya tangazo, kifungu, na jedwali linalotaja hizo 60,000 kwa kila ukaguzi, utakuwa umeuliza swali ambalo ofisi yoyote inayofuata utaratibu inaweza kulijibu. Wakikuonesha, utajua unalipa nini. Wasipoweza, hapo ndipo rufaa yako inapopata miguu. Na kama walikuja mara mbili, taarifa za ukaguzi zitakuwa mbili, zenye tarehe na majina ya waliokagua. Ziombe nazo.

Sasa ile sahihi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo penye uzito, na ndipo ulipoogopa kuliko panavyostahili.

Sheria ndogo nyingi za halmashauri zina kifungu cha kufifilisha kosa. Maana yake ni kwamba badala ya kumpeleka mtu mahakamani, mkurugenzi anaweza kumtoza faini na jambo likaishia hapo, ikiwa mtu huyo amekiri kosa kwa hiari yake, kwa maandishi, kwenye fomu maalumu. Asipokiri, njia inayobaki ni mahakama, na huko ofisi ndiyo itakayobeba mzigo wa kuthibitisha. Ndiyo maana kijana wa simu aliitaja fomu haraka vile. Bila fomu hiyo, karatasi ya faini ni madai. Ikiwepo, ni madai yaliyokubaliwa.

Lakini aliyekubali ni nani, na kwa kosa lipi? Mdogo wako alipewa aisome? Fomu ilitaja makosa yote mawili, au choo peke yake? Banda lilijengwa na baba yenu mwaka 1998. Kosa la jinai halirithiwi kama nyumba inavyorithiwa, na mtoto hawezi kumkiria marehemu baba yake. Pia gharama za ukaguzi si kosa, kwa hiyo hata fomu iliyosainiwa vizuri haizigeuzi kuwa halali. Omba nakala ya fomu kabla hujaamua lolote. Umekuwa ukipigana na karatasi ambayo hujaiona kwa macho yako.

Kuna upande wa pili, nisikufiche. Ukiandika kwamba mdogo wako hakuwa na mamlaka, ofisi inaweza kukuuliza: nani anakusanya kodi ya vyumba? Nani anakaa pale? Kwa sheria nyingi za afya na usafi, anayekalia au kusimamia nyumba anawajibika kama mwenyewe. Watasema yeye ndiye mwangalizi, na huenda wakasikilizwa. Na hapo wanaweza kukugeuzia swali hilohilo: na wewe ni nani?

Mwanangu, hukunieleza kama baba yenu alipofariki mwaka 2017 mlikwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mirathi. Kama hamkwenda, nyumba bado ni ya marehemu, na hakuna kati yenu, si wewe, si mdogo wako, mwenye sauti kamili ya kuidai au kuitetea mbele ya sheria. Ninyi si peke yenu. Familia nyingi huona kufungua mirathi ni kama kumfukia mzazi mara ya pili, wakaahirisha. Lakini mnahitaji muhtasari wa kikao cha familia, cheti cha kifo, na ombi Mahakama ya Mwanzo kama mirathi yenu inafuata mila au dini ya Kiislamu. Ninajua kikao hicho kitamleta mdogo wako na mama na yule wa chuo mezani pamoja. Pengine kitakuwa kigumu kuliko rufaa yenyewe. Pengine pia ndicho kinachokosekana tangu mwanzo, kwa sababu ninaposoma barua yako naona nyumba yenye watu wengi wanaoipenda na hakuna aliyekabidhiwa.

Kuhusu LUKU, naomba nikusahihishe kwa upendo. Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia umeme mwaka 2021, shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda kuwa 18,000. Inakatwa kwenye mita, na mita haijui kama jengo lina kibali. Kwa hiyo kulipa hakukuhalalishii banda. Kunaonesha tu kwamba hamjifichi, na hilo katika barua ya heshima lina thamani yake. Na jiulize pia nani ananunua umeme wa mita hiyo. Kama ni wapangaji, basi kodi hiyo wamekuwa wakiilipa wao kwa ajili yenu.

Hofu yako ya X si ya kipuuzi, sitaki kuifanya ndogo. Ukipinga faini ya banda unaweza kuwakumbusha kwamba banda lipo. Lakini tayari wanalikumbuka, wamelitoza 300,000. Na ukilipa kimya kimya bila kuuliza, hupati kibali, unapata stakabadhi ya faini, ambayo kesho mtu mwingine anaweza kuisoma kama ungamo. Swali ambalo ningependa uliulize kwa ofisa mipango miji, ana kwa ana na bila hasira, ni hili: jengo hili likaguliwe na kuchorewa ramani, linaweza kupata kibali pale lilipo, au liko kwenye eneo ambalo haliwezi kupata kamwe? Jibu linaweza kukuumiza. Lakini maisha ya mama yenu yanategemea vyumba vile, na ni afadhali mjue mapema kuliko kusubiri tingatinga liwaambie.

Juu ya laki mbili za mtu wa mdogo wako. Nitasema kwa uwazi, kwa sababu nakujali. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, nawe ni mtumishi wa umma. Malipo ya serikali yanapita kwenye kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, na pesa isiyopita hapo haijalipa kitu. Mtu huyo akihamishwa, deni litabaki palepale na laki mbili zitakuwa zimekwenda. Hata hivyo nisingemshambulia mdogo wako kwa kulisema. Aliogopa, akatafuta mlango alioujua.

Hebu tumtazame yeye basi. Unaamini kwamba kukata rufaa ni kumshtaki. Ni kweli? Barua kwa mkurugenzi inahitaji kusema notisi ilifika lini na kwa nani, nini kimerekebishwa, na ni kipengele gani mnakipinga na kwa sababu gani. Haihitaji kusema pesa ya gari ilikwenda wapi. Hilo ni la nyumbani. Linahitaji kikao chake, na machozi yake pengine, lakini ofisi haina haja nalo na wewe huna wajibu wa kulipeleka huko. Wala hutakiwi kudanganya. Kama wakikuuliza mlikishughulikia choo mwezi wa tatu, jibu la kweli ni kwamba mlikusudia na haikufanyika. Hapo hakuna aliyefedheheshwa zaidi ya inavyostahili.

Nimejiuliza pia, naomba usikasirike, kama hasira uliyo nayo kwa ofisi ni yote ya ofisi. Ukimsamehe mdogo wako bila kuongea naye, hasira itatafuta pa kwenda, na ofisi ndiyo iko karibu. Na ukipigana na ofisi ukashinda kila shilingi, ile "Dada, tayari" bado itakuwa haijajibiwa.

Kwa habari ya njia zenyewe: barua kwa mkurugenzi, yenye nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, ndiyo njia ya bei nafuu, na ukipata mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako itakuwa kinga kwamba hukukaa kimya. Hatari yake ni kukaa mezani kwa mtu miezi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inakupa haki ya kusikilizwa kikamilifu kabla haki zako hazijaamuliwa, na kukata rufaa. Mstari mmoja wa kuikumbusha, kwa upole, hauharibu barua. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko ya utendaji mbaya wa ofisi za umma. Mahakamani pia unaweza kwenda, lakini kuishtaki halmashauri siku hizi kunataka notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Kwa 740,000, nauli na wakili vinaweza kuumeza ushindi wako. Sisemi usiende. Nasema hesabu kwanza. Mimi si wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wasiotoza wasio na uwezo, na ofisi ya ustawi wa jamii inaweza kukuelekeza kwao. Waoneshe nakala ya fomu.

Unaweza pia kulipa ile ya choo peke yake, kwa namba yake, na kupinga zilizobaki. Wengine watakuambia kulipa nusu ni kukubali yote. Ndiyo maana barua itangulie malipo, ieleze unalipa nini na hulipi nini. Au mnaweza kukubaliana kama familia kulipa yote kwa awamu ili mama alale. Mwanamke wa umri wake kulala usingizi ni jambo kubwa, sitakudharau ukilichagua. Ila lichagueni mkiwa mmeona karatasi zote.

Chochote mtakachoamua kuhusu pesa, choo hakisubiri. Pale bondeni maji ya chini yako karibu, kwa hiyo kuchimba shimo refu zaidi hakutasaidia. Litajaa maji kabla halijajaa uchafu. Muulizeni afisa afya wa kata kuhusu shimo lililojengewa kwa tofali na kuinuliwa juu ya ardhi, pamoja na ratiba ya gari la kunyonya kabla ya mvua. Mtu asije akawashauri kulitapisha mvua ikinyesha. Kukitengeneza sasa hakukufungi kwenye kukiri lolote, na picha za kabla na baada zitasema mengi kwenye barua yako.

Baba yako hukuniuliza juu yake, umeniambia tu kwamba inauma. Mwaka 1998 watu wengi wanyoofu walijenga uani bila karatasi, na alimjengea mama yenu kipato kinachomlisha mpaka leo. Karatasi ya ofisi haiwezi kumwondolea hilo, na wewe huhitaji kushinda rufaa ili aendelee kuwa mnyoofu.

Ukifunga shule, panda treni uende. Kabla hujaingia ofisi yoyote, nenda uani na mdogo wako, wawili tu, mkasimame mbele ya choo kile. Usianze na pesa. Muulize alipoletewa ile fomu alikuwa na nani, na aliogopa nini. Halafu piteni kwa yule mama muuza dagaa mkamshukuru pamoja.

Niandikie tena ukirudi Tabora.